Papasi wa Sibwesa

Shangazi mpenzi, shikamoo.

Viboko wa kwenye kadi hii bado sijawaona. Hapa maabara ya Mpanda natazama hadubini tu. Juzi aliletwa binti mjamzito kutoka Sibwesa. Homa inamkamata, inamwacha, inarudi. Kipimo cha malaria hakikuonyesha kitu, na wenzangu wakasema apewe tu dawa ya malaria. Nilikataa. Nikamuuliza mama mkwe wake wanalala wapi.

"Chini, kwenye mkeka. Papasi wapo, lakini wa kwetu wanasumbua mgeni tu."

"Huyu ni mgeni?"

"Si ameolewa mwaka huu? Hata mimi walinikaribisha hivyo hivyo."

Shangazi, homa ya papasi, hao kupe wa sakafu ya udongo, huharibu mimba. Nilingoja homa ipande, nikamtoa damu upya, nikainamia hadubini mpaka shingo ikakakamaa. Mwenzangu akanitania, "Dada, utakitoboa hicho kioo kwa macho." Ndipo nikawaona bakteria wa homa hiyo katikati ya chembe za damu, wembamba, wamejisokota kama uzi uliofumuliwa kwenye sweta. Daktari akabadilisha dawa.

Leo homa imeshuka na mtoto anacheza tumboni. Mama mkwe anaulizia dawa ya kupuliza nyumbani. "Hao wa kwetu," anasema, "ukarimu wao umezidi."

Ulizoea kunigombeza kwa kukodolea vitu macho. Sitaacha. Jifunike vizuri, baridi ya Iringa naijua.

Mwanao,
Neema