Damu Isingoje Trei Ijae

Rongo, Migori
13 Machi 2025

Mpendwa Waya Roselyn,

Kuna mlio uliokataa kutoka masikioni mwangu. Ni wa benchi la mbao nje ya maabara yetu. Kila mlango ulipofunguka watu wote waliinuka, jina la mmoja likaitwa, waliosalia wakaketi tena pamoja. Kiii! Halafu kimya. Niliusikia hata nikiwa kanisani.

Lakini nimekosa adabu, hata sijakusalimu. U hali gani, Waya, shangazi yangu? Wanafunzi wako huko Gaborone hawajakumaliza sauti? Sisi tu wazima. Mvua imeanza, na Baba amekwisha panda mahindi kule nyumbani Homa Bay.

Sasa nikuambie, maana nina furaha hata siwezi kutulia. Katika hospitali yetu ya misheni, mgonjwa alikuwa akitolewa damu asubuhi na kungoja majibu hadi jioni. Wa mbali waliondoka bila majibu, wasije wakakosa gari. Kazi yangu ni kuboresha huduma, nami nilizoea kuifanya nikiwa nimejifungia na takwimu zangu. Lakini chuoni tulifundishwa kwamba ukitaka kujua kazi inakwama wapi, uifuate kwa miguu. Basi nikatoka, nikapanga foleni kama mgonjwa. Bibi mmoja akanisogezea nafasi kwenye benchi.

"Nyathina, mwanangu, hata nyinyi wa ofisi mnangoja? Kaa, leo utatujua!"

Wakacheka wote. Nikacheka pia, kwa aibu.

Waya, damu ilikuwa inakaa tu mezani, ikingoja trei ijae ndipo ipimwe! Mashine ya zamani ilitaka hivyo. Hii mpya inapima hata chupa moja, ila hakuna aliyebadilisha desturi. Nilipomuuliza Bwana Makori, mkuu wa maabara, aliitazama ile trei mezani. Kisha akasema, "Madam, kumbe tumekuwa tukiitumikia mashine iliyouzwa."

Tangu Jumatatu kila damu inapimwa ikifika. Mama mmoja wa Kehancha alipewa majibu ya mtoto wake kabla ya chakula cha mchana, akayageuzageuza. "Ni ya leo kweli, ama mmenipa ya mtu wa jana?" Nilitamani kumkumbatia.

Shida ni kwamba watu hutolewa damu humo humo maabarani. Sasa wanabanana mlangoni hadi wapimaji hawana pa kupita. Lazima damu itolewe karibu na madaktari. Matron Jedidah alisema tukikosa chumba kufikia kesho, tunarudi kwenye trei. Na huko kwa madaktari chumba kilichoweza kutolewa kilikuwa kimoja tu, ofisi yangu. Unanijua, Waya. Nyumba yetu ilivyojaa watu, tangu utotoni nimetamani mahali pa kufunga mlango nifikiri. Nilikuwa nimeipata ofisi hiyo Januari tu.

Nisalimie Uncle Maurice na Liz. Mama anasema mje Desemba, kuku wanaongezeka bila wa kuwala. Mungu awatunze mtokapo na mrudipo.

Leo asubuhi, kabla sijapata muda wa kuogopa, nilimwita Chrispine wa maabara tukabeba meza yangu hadi kwenye korido. Ufunguo nimempa Matron. Kufikia saa nne, mgonjwa wa kwanza alikuwa amekunja mkono wa shati pale nilipokuwa nikikaa.

Binti wa kaka yako, akupendaye kutoka koridoni,
Lynnet