Mguu wa Fundi Mbwana Kwenye Jubilii ya Gazeti la Madaktari

Chaani, Jumapili, mwezi wa nne 1948

Mvua haijakatika tangu alfajiri, nami nimejifungia chumbani kama mwali. Mimi, ambaye Chaani nzima hakuna baraza isiyonijua! Leo hata dukani sitaki kutumwa.

Jana hospitali yetu ndogo ya Changamwe ilikuwa na sherehe. Lile gazeti la madaktari, ambalo Daktari hulifungia kabatini kama dhahabu, limefikia jubilii yake ya miaka ishirini na tano. Vita vimekuja vimekwisha, lenyewe halikusimama. Basi Daktari akaalika wazee na wenye maduka waje wanywe chai. Magazeti ya zamani akayapanga mezani, yamefunuliwa pale palipoandikwa habari za wagonjwa wa kwetu.

Na nani aliwekwa kuwaeleza watu? Mimi. Ni mfagizi tu, lakini nimefika darasa la nne, Kiingereza nakijua, na nisichokijua nakitunga. Nilivaa kanzu ya kaka, nikajiona daktari mdogo.

Gazeti moja lilikuwa na picha mbili za mwanamume, kuanzia kiunoni hadi miguuni. Ya kwanza ana busha kubwa kama dafu. Ya pili ameshapasuliwa, mzima kabisa. Kichwa kimekatwa, jina halipo. Watu wakawa wanacheka chini chini, wanabahatisha. Mimi nikaona kovu la tezo, kile kishoka cha maseremala, limepinda, karibu na kidole gumba cha mguu wa kushoto.

Heri ningenyamaza.

"Jamani, mguu huu mimi naujua!" nikasema kwa sauti ya mnadani. "Huu si wa Fundi Mbwana seremala?"

Fundi Mbwana alikuwa nyuma yangu, kikombe mkononi, amevaa makubadhi. Watu wote wakamtazama miguu.

"Na dafu lenyewe, Fundi, umemwachia nani?" mmoja akauliza.

Wallahi nilicheka kuwashinda wote. Fundi akaweka kikombe, akamwambia Daktari ahsante, akaondoka.

Nilirudi nyumbani nimevimba kichwa. Nikamsimulia mama, tena kwa vitendo. Baba alikuwa amejilaza chumba cha pili, anasikia kila neno. Baba huvaa saruni mbili, hutembea polepole, miguu ameitanua, na sisi nyumbani miaka yote tunajifanya hatuoni.

"Mama watoto," akaita. "Jumatatu sendi tena."

Mama akashika kichwa. Ndipo nilipoelezwa. Fundi Mbwana alikuja kumtazama baba mwezi uliopita, akamfungulia siri yake mwenyewe, akambembeleza mpaka baba akakubali naye apasuliwe busha lake Jumatatu.

"Mimi nikawekwe mezani," baba akasema, "watu wanywee chai?"

Hakunifokea. Afadhali angenifokea.

Leo asubuhi nikatoka kwenye mvua hiyo hiyo kumwendea Fundi. Shikamoo yangu ilitoka nyembamba kama ya mtoto wa chuo cha Kurani. Akaitikia, akaendelea kupiga randa. Nikamwomba radhi, nikarudia, nikaishiwa na maneno. Mimi!

"Daktari alinielekezea kile chombo chake, kumbe ni cha picha," akasema, "nami nikadhani ndiyo dawa yenyewe. Sikujua kuwa nimo gazetini mpaka ulipopiga kelele wewe."

"Nisamehe, ami."

"Nimekusamehe. Lakini mimi nimeshapona, kijana. Babako je?"

Njia nzima neno hilo lilinifuata.

Nimeamua. Kesho nitamngoja Daktari mlangoni kabla hajaanza kazi, nimwambie baba yangu hapigwi picha, na picha ya Fundi irudi kabatini. Huenda nikafukuzwa. Nimeyajaribu maneno hayo kwa Kiswahili na kwa Kiingereza, na kote kote naishia katikati. Mzungu hajazoea kuambiwa hapana na mfagizi wake.

Nimemweleza baba hivyo nikiwa nje ya pazia. Nimemsikia tu akijigeuza kitandani, taratibu, kama mtu aliyebeba kitu asichotaka kiguswe.

Na asipoinuka kesho kwenda hospitali, nitamwambia nani kwamba nilikuwa natania?