Anayeongea na Mama Saa Nne Asubuhi

Mpendwa mshauri, naomba msaada, na usinicheke, maana kazi ya kuchekesha watu ni yangu. Mimi ni kinyozi, shule niliachia darasa la sita lakini mdomo wangu una digrii, mteja akikaa kwenye kiti dakika tano tu naitoa sauti yake mpaka mkewe ageuke, ndiyo maana wananiita Kasuku. Nina kaka mmoja tu, fundi wa kuchomelea, alikwenda ng'ambo kupitia wakala wa ajira kufanya kazi kiwandani, akawa anapiga kila wiki, halafu miezi tisa iliyopita akanyamaza, namba yake haipatikani, mama akaacha kula, akawa anaikodolea simu kama anasubiri iote mikono, nikajiuliza, mwanamume mwenye kipaji kama mimi nikae tu? Basi jioni moja nikaenda nyuma ya saluni, nikaficha namba, nikawasha mashine ya kunyolea ivume kama mitambo ya kiwanda, nikajikohoza mara mbili kama kaka anavyofanya kabla ya kuongea, nikasema, "Bosi wangu, shikamoo," maana kaka humwita mama bosi, mama akalia, jioni ile akala sahani mbili, na tangu hapo kila Jumapili nampigia na sijakamatwa hata mara moja, mimi si mtu wa mchezo.

Tatizo limeanza na salio. Laini ya mama imesajiliwa kwa jina langu na salio naweka mimi, nikaona linayeyuka, Jumanne nikapiga huduma kwa wateja, wakanipigia muziki mpaka nikamaliza vichwa viwili, akapokea dada mmoja, nikamtania, "Dada, kwa sauti hiyo niibieni tu." Akacheka, kisha akasema laini ile inapiga nje ya nchi kila Jumanne na Ijumaa, saa nne asubuhi, nusu saa nzima, na kupiga nje ni ghali. Nikamwambia mama hajui kupiga, anajua kupokea tu, hebu nisomee hiyo namba. Akaisoma. Ni ya kaka, ileile ambayo nikiipiga mimi haipatikani.

"Ifunge," nikamwambia.

"Kaka, si jana tu ulinipigia ukasema isifungwe?"

"Mimi?"

"Wewe. Sauti ni hiihii. Ulijikohoza mara mbili, na nyuma yako kulikuwa na mashine inavuma."

Mshauri, Jumatatu saluni huwa tunafunga, na mashine yangu ilishinda mezani, waya umekatika, nimeuunga Jumanne asubuhi.

Nikakimbia nyumbani. Mama alikuwa anakunja nguo.

"Mama, asubuhi huwa unaongea na nani?"

"Na kaka yako."

"Na yule wa Jumapili?"

Akaniangalia kwa huruma. "Jumapili unanichekesha, mwanangu, wewe endelea tu. Ila kaka yako anasema hicho kikohozi unakivuta mno."

Hapo ndipo nikaona nguo anazikunjia kwenye begi. Anasema kaka atakuja kumchukua Ijumaa hii, saa nne. Sasa niifunge namba au niache? Kama ni tapeli, kikohozi amekijulia wapi? Kama ni kaka, mbona mimi hataki kuongea nami? Na kama si tapeli wala si kaka, hapo kalamu inanishinda.

Ni mimi, Kasuku wa Mashine.

JIBU

Kasuku mwanangu, barua yako nimeiruhusu ipite mbele ya nyingine zote kwa sababu ya hiyo Ijumaa.

Pole. Sasa nisikilize. Mama yako alikujua tangu siku ya kwanza. Alikula zile sahani mbili ili wewe ulale vizuri, kwa hiyo acha kujisifu. Kosa lako ni kubwa kuliko unavyodhani: kila aliyeulizia habari za kaka yako bila shaka aliambiwa anapiga kila Jumapili. Umemwigiza vizuri mpaka hakuna anayemtafuta.

Leo hii nenda kwa wakala aliyempeleka, kisha polisi, ukaseme kaka yako amepotea. Namba usiifunge kwa siri, mama ndiye wa kuamua. Begi lirudi kabatini. Huyo wa saa nne akipiga tena, simu iwekwe spika, mkae na mjomba au jirani mtu mzima, na uongee kwa sauti yako mwenyewe, bila vikohozi. Muulize jambo mlilolifanya wawili utotoni ambalo hata mama halijui. Akishindwa, kata. Akiweza, muulize yuko wapi, na uandike.

La mwisho. Jana asubuhi mtu alipiga simu hapa ofisini, akanisihi barua hii nisiichapishe. Alijikohoza mara mbili, vikohozi vifupi. Nyuma yake kitu kilikuwa kinavuma. Kama ni wewe, koma. Kama si wewe, usingoje Ijumaa: mwache huyo mteja na nywele nusu, ukakae na mama yako.