Mkate Usio na Chumvi

Majengo, Meru
Jumanne

Kaka Suhail,

Asubuhi hii Mzee Nurudin, mwenye nyumba, amesema mashine ya mkate itoke kabla ya Ijumaa, la sivyo tutoke nayo. Ploti nzima inatumia mita moja, na jana mashine ilizima stima kila chumba.

Ni ile ndogo uliyosema nimnunulie mama, badala ya kumleta kwako Embu. Nilichagua ya bei nafuu inayokanda na kuoka yenyewe nikiwa kazini buchani. Daktari wa figo alikataza chumvi, na mkate wa dukani unayo. Bila chumvi mkate uliumuka haraka ukaporomoka. Nikapunguza hamira, ukakaa sawa. Chakula kingine mama anakitapika.

Mama alimwambia Nurudin, "Wewe si ulikula slesi mbili hapa Jumapili? Ulilipa stima?"

Mzee akacheka, lakini hakubadili neno. Nimeuliza ploti nyingine tatu, na zote zinakataa vyombo vya kupasha moto.

Jana stima ilipopotea nilitoa kinyunga kibichi. Mama hajala tangu hapo. Amekwisha, Suhail. Namnyanyua kwa mkono mmoja.

Mwambie wifi Lydiah namleta mama, lakini mimi sitakaa huko, nitarudi kazini. Waya wa mashine ni mfupi, kwa hivyo kitanda cha mama kiwe karibu na soketi. Alhamisi saa nne asubuhi tutashuka stendi ya Embu. Usipokuja, nitawauliza watu nyumba yako.

Dada yako,
Latifah