Viti vya Gari la Kaka

Mgori,
Novemba 1974

Kaka Mughwai,

Shikamoo. Nakuamkia kwa sababu mama alitufunza adabu, wala si kwamba unastahili. Mvua bado, ila mbuzi wamezaa.

Viti vya gari lako nimevishona kwa sindano ya magunia, nikavipaka samli. Vinang'aa kama wewe ukihutubia.

Ule mpasuko wa kiti cha nyuma, wewe unawaambia watu ni msumari. Mwongo mkubwa! Ni bangili ya mama, alipong'ang'ania kiti siku ulipomhamishia kijiji cha ujamaa kwa nguvu. Nimeuziba kwa kipande cha ngozi aliyoilalia mpaka akafa. Manyoya sikuyanyoa, ili kila ukikaa ujue unamkalia nani.

Ni mimi, binti yake,
Magdalena