Mwombee Kimoyomoyo

Nzuguni, Dodoma
Alhamisi asubuhi

Mama yangu mpendwa,

Shikamoo. Natumaini barua hii inakukuta mzima, goti limepunguza kuuma, na uwele umeshaingia ghalani kabla ndege hawajaumaliza. Nasikia Denis ameongeza mbuzi. Mwambie dada yake amefurahi, ila asije akawauza wote kwa ajili ya pikipiki. Sisi huku hatujambo, na mume wangu Ambokile anakuamkia.

Najua umeshangaa kuona karatasi wakati simu zipo. Utaelewa. Kwanza mleta barua asisimame mlangoni. Mkaribishe ndani, mpe chai, halafu tafuta miwani yako ukae vizuri.

Mama, huu ni mwaka wa pili naongoza akina mama kanisani kwetu. Waliponichagua ulicheka, ukasema mdomo wangu hatimaye umepata kazi. Kweli umeipata. Kila Jumatano tunakutana kwa maombi, na mimi ndiye ninayefunga kikao kwa sala. Nikishafumba macho sijui kubakiza kitu. Namsimulia Mungu kila jambo utadhani yeye ni mgeni Nzuguni.

Yupo mwenzetu anaitwa Emiliana, anauza chapati karibu na mashine ya kusaga. Mumewe Sostenes ni mzee wa kanisa, mpole, hodari wa kuwapa watu mkono mlangoni baada ya ibada. Nyumbani ni mtu mwingine. Emiliana alikuwa akipigwa halafu anasema ameteleza bafuni, mpaka nikajiuliza ni bafu gani hilo. Tulimweleza mchungaji, akawakalisha wote wawili, Sostenes akalia na kuapa hatarudia. Wiki haikuisha, jicho la Emiliana likavimba mpaka likafumba. Basi akatoroka na watoto wake wawili, akajificha kwa bibi Anastazia, mjane wa kundi letu. Nje ya nyumba ile nilijua mimi peke yangu.

Jumatano iliyofuata furaha ilinizidi. Wakati wa kufunga nikamshukuru Mungu kwa ajili ya mjane aliyemfungulia mlango mama aliyekimbia na watoto wake. Jina sikutaja hata moja. Lakini kundi letu lina mjane mmoja tu! Frida, katibu wangu, ambaye mumewe na Sostenes ni chanda na pete, aliitikia amina akaenda zake nyumbani. Kabla giza halijaingia Sostenes alikuwa kwa bibi, amevaa shati lake la Jumapili, anamshukuru kwa kumtunzia familia. Bibi wa watu angefanya nini? Akawatoa.

Usiku ule Sostenes alimvunja Emiliana mkono, mama. Mimi ndiye niliyempeleka hospitali, na njia nzima Emiliana hakunilaumu. Aliniuliza swali moja tu: "Mwenyekiti, kwani Mungu alikuwa hajui niko wapi?"

Kutoka hospitali sikumrudisha kwake. Watoto tuliwapitia shuleni, nikawaficha wote kwenye chumba chetu cha nyuma. Ambokile aliwatandikia godoro mwenyewe, Mungu ambariki. Nilitaka twende dawati la jinsia polisi siku hiyohiyo. Emiliana alikubali kwenda, ila akasema watoto wafike mbali kwanza, ndipo afungue mdomo. Sostenes naye akawa anapita nyumba hadi nyumba kwa akina mama, anauliza kwa sauti ya upole, anaacha salamu. Juzi alisimama kwenye geti langu, haondoki. Mtoto mdogo akakohoa huko ndani. Nikakohoa na mimi kwa nguvu, nikasingizia vumbi. Aliniangalia sana, akanitakia afya njema.

Sasa nisikilize, na usinihukumu kabla hujamaliza kusoma. Nimegundua maombi yetu yana miguu. Yanafika kwa Sostenes kabla hayajafika mbinguni. Basi jana, Jumatano, nilifumba macho mbele ya akina mama wote, nikamwomba Mungu awalinde Emiliana na watoto wake, waliokwisha fika Singida, awape pa kulala na kibarua cha kuwalisha. Nililia machozi ya kweli, na wenzangu wakalia nami. Ulikuwa uongo mtupu, mama. Niliwadanganya watu mbele ya Mungu, au nilimdanganya Mungu mbele ya watu, sijui lipi ni baya zaidi. Frida aliitikia amina kuwashinda wote.

Leo alfajiri Ambokile amemwona Sostenes stendi, anapanda basi la Singida. Sijui kama Mungu aliyasikia maombi yale. Sostenes aliyasikia.

Emiliana akishaandikisha maelezo polisi huko kwenu Kongwa, nitasimama kanisani nikiri, na kitambaa cha uenyekiti nitakivua mwenyewe. Wakinitenga, nitakaa benchi la nyuma. Naogopa, mama, sitakuficha. Lakini mkono ule naogopa zaidi kuuona umevunjika mara ya pili.

Lori lililoshusha mahindi soko la Majengo linarudi tupu huko Kibaigwa, na dereva anapiga honi hapa nje. Huyo aliyekuletea barua, mwenye mkono uliofungwa, ndiye Emiliana. Hao ni watoto wake, Ruthu na Seth. Wape chumba changu. Majirani wakiuliza, utajua mwenyewe la kuwaambia, mimi uongo wangu umetosha.

Nisalimie Denis, shangazi, na kila anayeniulizia. Mungu akutunze mpaka tuonane.

Ni mimi mwanao akupendaye,
Tumsifu

Tena mama, naijua desturi ya nyumba yetu. Jioni mnaimba na kuomba kwa sauti mpaka jirani anaitikia amina ng'ambo ya ua. Emiliana mwombee kimoyomoyo.