Kabla Sijafika Duluth

Ikonge, Nyamira

Kwako binti yangu Linet,

Huku mvua imeshika na majani ya chai yamechipua mpaka wachumaji hawatoshi. Goti la baba yako limepona. Viza yangu imetoka.

Nimesoma yote uliyoniandikia kuhusu mji wako wa Duluth huko Marekani, kwamba tutaona daraja linaloinuliwa meli ipite, tupande treni ya zamani, tutembee kando ya ziwa ambalo ng'ambo yake haionekani. Lakini kila nikikuuliza nitalala wapi, unanitumia picha nyingine ya ziwa.

Chandni, binti wa Gopal mwenye duka la vitambaa Kisii, alikwenda huko mwezi uliopita kumwona kaka yake. Nikamuuliza, "Ulifika kwa Linet?"

Akainamisha kichwa. "Mama Linet, tulionana maktaba. Hukaa humo mpaka wafunge. Blanketi na sufuria zake zilikuwa ndani ya gari."

Tangu hapo usingizi umenipaa. Baba yako sijamwambia.

Nakuja, mwanangu. Ziwa lingoje. Siku ya kwanza nipeleke hapo unapolala, hata kama ni garini. Nitakaa kiti cha mbele, tuongee mpaka kuche.

Ni mimi mamako,
Celestine